Wanasema Kiswahili Hakina Machozi

Yaya Ngalula, jirani na dada yangu mkubwa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe. Ungekuwa hai ningekuja moja kwa moja mlangoni kwako, ningekaa kwenye kile kigoda chako kinachoyumba, nawe ungeniambia kama siku zote: "Toa yote, Ngoie. Hasira ikibaki mu tumbo inazaa batoto."

Basi natoa. Hawakuniacha nikulilie.

Wewe ulikuwa umelala ndani, umefunikwa kitenge chako cha buluu, hukuona. Mumeo alikuwa amekaa chini ukutani kama gunia. Walimtoa kazini moja kwa moja, mikono yake ikiwa bado na weusi wa makaa ya mashini ya treni. Watu wa chama cha kwenu, watu wa Kasai, wakashika kilio chote: moto, maji, chakula, nani alie na nani anyamaze. Hapo sikatai. Mtu aliyetoka mbali ana haki ya kuzikwa na watu wa kwao. Wakamleta yule bibi mzee anayejua kasala, akuite kwa majina ya baba zako na babu zako mpaka kule mlikoanzia. Alikuimba vizuri, Yaya. Nilishika nusu tu ya maneno, maana Kiluba chenu na Kiluba chetu cha hapa Kamina ni kama ndugu waliolelewa na mashangazi wawili wasiopendana.

Kisha nikageuka nikawaona watoto wako. Anjela na wadogo zake walikuwa wanatazama midomo ya watu. Tu. Wamezaliwa hapa kambi ya reli, wamecheza na watoto wa Balunda, wa Babemba, wa Banyarwanda, na lugha yao ni Kiswahili, hawana nyingine. Anjela akanivuta nguo: "Mama mudogo, banasema nini juu ya mama?"

Mtoto anamzika mama yake, na anauliza wanasema nini juu yake!

Hilo ndilo lililonisimamisha. Nikaanza kukulilia kwa Kiswahili, kile chetu cha kila siku, ili Anjela asikie. Sikufika mbali. Prezida wa chama, yule karani wa stesheni mwenye miwani, akainua mkono kama anasimamisha treni.

"Mama, kaa. Muntu hapana kumulilia na Kiswahili. Ile iko luga ya kazi na ya soko. Haina na machozi."

Wengine wakacheka, Yaya. Maiti yako iko ndani, nao wakacheka. Na wa kwetu hawakuniokoa. Shangazi yangu, aliyekuja toka Kaniama kunishika mkono, akaninong'oneza kwa ukali: "Lia na Kiluba, unatupatisha haya." Nikulilie kwa Kiluba! Wewe ambaye hukukubali hata siku moja kunijibu kwa Kiluba chetu, ukisema kinachechemea! Nami nilikuambia chenu kinaimba hata kikiomba chumvi.

Nikakaa. Wakakubeba.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa umeshuka kwenye treni juzi tu, hata vumbi la safari lilikuwa bado kwenye kitambaa chako, na tayari tukakosana kwenye bomba. Kila mmoja alitukana kwa lugha yake, na kila mmoja akamwelewa mwenzake zaidi kuliko alivyotaka. Mwisho ukaweka ndoo chini, ukashika kiuno. "Tugombane na Kiswahili," ukasema. "Iko kama nyumba ya kampani. Si ya baba yako, si ya baba yangu. Hakuna wa kufukuza mwenzake." Nilicheka mpaka ndoo yangu ikajaa ikamwagika, na wanawake nyuma yangu wakaanza kutukana upya.

Sasa karani anatuambia ni lugha ya kazi. Nani asiyejua? Kapita, msimamizi wa kazi, anatuamsha kwa Kiswahili, mzungu anatutukana kwa Kiswahili. Kwa hiyo tuwaachie chote? Wao wabaki nacho kwa amri na matusi, na sisi tuliozalishana nacho, tuliochekana nacho, tuliosemana nacho juu ya waume zetu, tuambiwe hakina machozi? Yeye karani anamwita mke wake kwa lugha gani akitaka maji ya kuoga? Nimemsikia mimi kwa masikio yangu. Ukuta wa kambi ni mwembamba.

Nakumbuka homa ile ya mwanangu Yoano. Wewe na rozari yako, mimi na kitabu changu cha nyimbo, kila mmoja na misheni yake. Ulipiga magoti kando ya mkeka ukaomba kwa Kiswahili, ukikosea huku na huku. Nilikuuliza kwa nini huombi kwa lugha uliyofundishwa sala. Ukasema: "Naomba na Kiswahili, ili na weye usikie kama niko naomba muzuri." Yaya, nimesikia wahubiri wengi. Hakuna aliyenipa neno kama hilo.

Tangu uondoke, mumeo haendi tena kukaa kibarazani jioni. Wadogo wanakula kwangu, majani ya sombe na ugali wetu wa bukari, na yule wa mwisho bado anaacha pembeni kipande cha samaki, anasema ni cha mama. Anjela ndiye aliyenitia wasiwasi. Alikuwa hakulilii. Macho makavu, akifagia ua ambao umekwisha fagiwa. Nilijua anangoja. Mtoto hawezi kumlilia mtu ambaye hajaambiwa habari zake.

Mvua zilipokwisha, chama kikaita watu kutoa matanga. Nilikwenda kwa karani, nikamwambia kwa heshima zote: bibi aimbe kasala yake, kisha nami niachiwe nafasi kidogo, kwa ajili ya watoto. Akanitazama juu ya miwani. "Mama, sisi tuko na desturi." Kana kwamba mimi nilizaliwa na kima!

Siku yenyewe bibi akaimba, akamaliza. Karani akasimama kufunga. Ndipo mumeo, Yaya, yule bwana wa maneno machache, ambaye ulikuwa ukisema anaongea na moto wa mashini tu, akainuka. Akasema: "Mu nyumba yangu tulipigana na Kiswahili, tukapatana na Kiswahili. Mwacheni mama Ngoie alie."

Nikalia. Majina ya baba zako sikuyajua, nikakuita kwa yale niliyoyajua. Nilikuita Yaya wa pa bomba. Nilikuita mama wa mikono ya baridi, uliyepokea watoto wa nusu ya mstari wetu wa nyumba wakizaliwa. Nilikuita mwizi wa pilipili yangu. Nilikuita msafiri uliyelala kwenye mabehewa ukitoka Kasai, na mtoto wa kwanza tumboni, ukiimba ili asiogope kelele za magurudumu. Hapo Anjela akapiga ukelele. Yaya, ulitoka tumboni kabisa. Wanawake wa kila mlango wakaitikia, Balunda, Babemba, wote, na hakuna aliyeuliza maana.

Karani aliondoka kabla ya chakula. Sasa anazungusha maneno kambini kwamba nimeharibu desturi, kwamba mwanamke wa hapa amewaibia marehemu wao. Nimekuiba! Mtu huibiwa na yule aliyemtia uji mdomoni alipougua? Naomba Mungu anisaidie nimsamehe, na kila asubuhi nikiona ile miwani naanza kuomba upya.

Lakini yule bibi wa kasala hakuondoka. Alinijia wakati nasuuza sufuria, akanishika mkono. Kiswahili chake ni kidogo kama chako cha zamani. Akasema, "Majina ya baba zake, hauyajue." Nikasema siyajui, mama. Akaiweka sufuria yangu chini: "Kuya kwangu. Nitakuambia."

Kwa hiyo hii ndiyo ahadi yangu. Nitakwenda kwake kila Jumamosi, na Anjela nitamchukua. Babu zako wote, mmoja mmoja, tutawavusha mpaka kwenye lugha ya watoto wako. Karani akisema hawavuki, mtoni tutakutana.

Mungu wako na Mungu wangu, ambaye ni mmoja, akulaze mahali pa baridi. Lala, Yaya. Watoto wako watajua ulitoka kwa nani.

Mdogo wako,
Ngoie