Ninakula Nimegeukia Ukuta

Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Baba mdogo ninayelala kwake: hapa Kinshasa, saa ya mapumziko shuleni, ninakula nimegeukia ukuta ili nisionekane. Kwa simu sikuweza kukuambia, maana simu ni ya Baba mdogo na yeye hukaa hapo hapo akisikiliza. Ndiyo sababu kila mara nasema, "Niko muzuri."

Lakini wewe, je, hujambo? Mgongo wa Mama umepata nafuu? Mpunga wa bondeni mmeshauvuna? Nikifumba macho nasikia mnavyotwanga.

Mwili wangu ni mzima. Ule mnara wa Limete tuliouona kwenye kitabu cha jiografia, naupita kila asubuhi. Ni mrefu kuliko nilivyowaza, na hakuna anayeinua macho kuutazama. Jioni namngoja Baba mdogo bandarini, anakotengeneza injini za mashua. Watu wanashusha magunia ya mahindi na samaki wa moshi, wanagombana kwa Kilingala, na ng'ambo ya mto naona nyumba za nchi nyingine. Mto huo, Yaya, ni Lualaba yetu inayopita Nyangwe. Huku imebadilishwa jina tu. Huwa nainama, nanawa uso. Najua maji niliyoyaacha kule yameshafika baharini. Nanawa hivyo hivyo.

Sasa habari ya ukuta. Siku ya kwanza Mama mdogo alinifungia wali na sombe ya majani ya muhogo. Nilifungua bakuli na, kama ulivyonilea, nikawaita waliokuwa karibu: "Karibuni, tule." Walitazamana, kisha wakaja mbio. Walimaliza kabla sijanawa mikono. Mmoja wao, anaitwa Glodi, alilamba kifuniko, akasema, "Muswahili, kesho ulete na samaki!" Wakacheka wote. Halafu kila mmoja akatoa mkate wake, akala akitazama upande wake. Hakuna aliyeniita. Tangu hapo jina langu shuleni ni Karibu.

Kwetu hata mlevi hali mbele ya watu bila kuwaita. Mimi kuita siwezi tena, na kula mbele yao bila kuita pia siwezi. Ndiyo maana nageukia ukuta.

Uliniuliza kama uende kwa prefe, mkuu wa shule yetu ya huko, anitunzie nafasi ya mwaka kesho. Ndiyo, Yaya, nenda. Nataka kurudi Kasongo.

Nisalimie Mama, na shangazi yetu wa Wamaza akija sokoni, na mjomba Saidi aliye Salamabila. Mwambie mjomba asijali kuhusu viatu alivyoniahidi, vya zamani bado vinanitosha.

Niliiacha barua hapo jana. Naiongeza leo, kwa kuwa mfanyabiashara atakayeibeba hadi Kindu hajaondoka bado.

Leo Glodi alinikuta kule nyuma ya darasa. Tunasemezana kwa Kifaransa, lakini nakuandikia kama tunavyosema nyumbani.

"Eh, Karibu! Unasemezana na ukuta?"

Nikaendelea kutafuna.

"Juu ya nini hautuite tena?"

"Mulimaliza chakula yangu, mukacheka."

"Tulicheka juu hatujaona mambo kama ile. Hapa mutu akikuita kula, iko na kitu anataka. Tulingoja useme unataka nini."

"Sikutaka kitu."

"Kitu hata moja?"

"Nilitaka tule."

"Basi wewe iko mujinga kabisa," akasema. Lakini hakuondoka. Alikuwa na mkate mkononi na hakuuma.

Niligeuka, nikaweka bakuli chini katikati yetu, nikasema, "Karibu."

Alikaa. Alikula haraka kama siku ile, na mimi nikala. Wali ulipoisha, aliukata mkate wake vipande viwili, akavipima kwa macho, akanipa kile kidogo. Nilikila pale pale, mgongo nimeuegemeza ukutani, nikitazama uwanja na watu wote waliokuwamo.

Kengele ilipolia nilinawa, nikaingia darasani.

Yaya, kwa prefe usiende kwanza.

Mdogo wako akukumbukaye kila saa ya kula,
Ramazani