Nyumba Iwe Juu

Jumatatu, 7 Julai

Ni kweli! Tunahamia Dar es Salaam. Baba ametangaza leo mezani, kabla hata hajanawa mikono. Kazini wanampeleka bandarini, afuatilie makontena yanayokuja Kigali. Tunaondoka kabla ya Septemba. Mama alisema Mungu ni mkubwa, kisha akauliza kama huko parokia iko karibu. Kaka yangu Régis alisema kesho anaanza kuvaa kaptula. Mimi nikaanza kuwaza maji tu. Bahari sijawahi kuiona. Ziwa Kivu nililifikia mara moja, na siku hiyo nilikuwa na homa, nikalala ndani ya basi.

Mwalimu Daphrose amenishauri niandike kila siku kwa Kiswahili kilichonyooka, si hiki chetu cha nyumbani tulichotoka nacho Bujumbura. Basi naandika.

Nyogokuru, mama yake Baba, aliuliza swali moja: hiyo nyumba iko juu ao iko chini?

Jumanne, 8 Julai

Swali lake lina sababu. Hapa Kimisagara tunakaa bondeni, karibu na mtaro mkubwa. Mwaka juzi mvua iliingia ndani ikachukua jiko, viatu vya Régis na godoro la Nyogokuru. Alilitazama likitoka mlangoni polepole, anasema, kama mgeni aliyeshiba. Tangu hapo ana sheria: mwenye akili anakaa juu. Tukihamia bondeni, yeye anabaki Kigali kwa binamu yake.

Nimelala naye chumba kimoja tangu nilipoachishwa ziwa. Sijui nitalalaje bila mtu wa kukoroma.

Jumatano, 9 Julai

Shangazi Joselyne, aliyeolewa Dar, ametupatia dalali. Jina lake Shami. Baba alimpigia akaweka sauti kubwa ili wote tusikie. Akamwambia: nyumba iwe kilimani. Kilima gani? Upande upi? Mvua ikinyesha, maji yanaelekea kwa nani? Ndivyo tunavyouliza hapa, kila mtu anauliza hivyo! Shami alicheka mpaka akakohoa.

"Mzee wangu," akasema, "huku ukipanda ngazi tatu, watu wanakuuliza kama umefika salama."

Baba hakucheka. Nyogokuru alimwambia Mama kwamba mji usiokuwa na kilima, mtu anajuaje wapi aende mvua ikija?

Alhamisi, 10 Julai

Shami amepata nyumba mbili. Ya kwanza iko Goba: mlimani kweli, mbali na bahari, na Shangazi anasema foleni ya kwenda bandarini inachosha hata aliyebaki nyumbani. Ya pili iko Kigamboni: tambarare kama meza. Bahari unaifikia kwa miguu. Kwa miguu!

Anataka jibu Jumamosi, eti kuna mteja mwingine. Mama anasema hajawahi kusikia dalali asiye na mteja mwingine.

Mama anataka Kigamboni, parokia iko jirani. Régis anataka Kigamboni kwa ajili ya kaptula. Baba anakuna shingo. Nyogokuru alisema tu, nendeni kwa amani, mtanisalimia samaki. Akaendelea kuchambua maharage.

Lakini nimepata wazo. Matajiri wa Nyarutarama, hapa hapa Kigali, wanakaa kando ya ziwa! Na wao si wajinga. Nilimwomba Nyogokuru twende tukalione. Amekubali. Anataka kuyaangalia usoni hayo maji ya matajiri.

Ijumaa, 11 Julai

Sikutegemea haya.

Basi mpaka Remera, kisha pikipiki mbili. Kofia ngumu aliyopewa na dereva haikuingia juu ya kilemba cha Nyogokuru, naye hakutaka kukivua. Wakabishana, watu wakasimama kutazama. Mwishowe kilemba kilifungwa kiunoni, na heshima yote ikashuka nacho. Njia nzima hakusema na dereva.

Ziwa lilikuwa limetulia vizuri sana. Nililishukuru moyoni. Nyogokuru alikaa kwenye majani, akalikazia macho kama mwalimu anayengoja mwanafunzi akosee. Nilianza kuamini. Kisha akaja mlinzi wa jumba la karibu, Cassien, kutuambia hapo hapakaliwi. Alipomsikia Nyogokuru akijibu kwa Kiswahili, akachuchumaa. Kumbe naye alikulia Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura! Wakaulizana watu wa huko, nani yuko hai. Halafu Nyogokuru akamwuliza kuhusu maji. Usiku yanatoka? Hapana, mama. Yamewahi kuingia kwa mtu? Hapana, mama, haya yana adabu. (Nilitaka kumkumbatia.) Na kuchukua kitu?

"Ah, mipira ya gofu tu," akasema Cassien. "Hiyo ziwa limechukua mingi mno."

"Unaona?" Nyogokuru alinigeukia. "Linachukua."

Akasimama, akajipangusa. Mtihani umekwisha. Nilijaribu kumweleza kwamba mipira inapigwa na watu. Akasema hata godoro lake lilisukumwa.

Ijumaa hiyo hiyo, jioni

Mambo yamezidi. Shangazi alipiga simu ya video akiwa ufukweni Kigamboni, atuonyeshe jinsi palivyo pazuri. Nilishika simu kwa mikono miwili. Bahari! Haina upande wa pili! Kisha maji yakapanda, yakambebea kiatu kimoja, Shangazi akakikimbilia huku akipiga kelele, na sisi tukabaki tunatazama anga.

Nyogokuru hakusema "unaona". Ingekuwa nafuu.

Baadaye aliuliza kama kiatu kimepatikana. Shangazi akasema kimepatikana, maji yamekirudisha, yanapanda na kushuka kila siku, wavuvi wanajua saa zake. Nyogokuru akauliza mara mbili: kila siku? Kisha akasema mtaro wetu haukuwa na saa, wala haukurudisha hata mguu mmoja wa kiti. Akaenda kulala.

Jumamosi, 12 Julai

Tulikuwa tunakunywa chai Shami alipopiga. Yuko Kigamboni mbele ya ile nyumba, na mteja mwingine (anasema) yuko njiani. Anataka neno. Baba alimtazama mama yake, akafungua mdomo. Nilijua atasema Goba na kwamba neno hilo litamuuma. Basi nikasema mimi, kwa sauti: tuchukue Goba. Mlimani kuna hewa nzuri. Bahari tutaitembelea Pasaka.

Régis aliuliza kama ninaumwa.

Nyogokuru aliweka kikombe chini. "Huyu mtoto hajui kudanganya," akamwambia Mama. "Mumemusomesha bure." Akanyoosha mkono apewe simu.

Hakuuliza habari za maji. Aliuliza: "Mwanangu, hapo pembeni anakaa nani?" Shami akasema majirani wazuri tu. Wanaitwa nani? Hajui. Wana watoto? Hajui. Mtu akiugua usiku, ni watu wa kuamka? Shami akasema, "Bibi, mimi napangisha nyumba, majirani sipangishi." Nyogokuru akamjibu kwamba yeye hawezi kulala karibu na mtu ambaye hamjui hata jina. Aende akaulize. Sasa hivi. Anangoja.

Naandika na simu iko mezani katikati ya vikombe. Hakuna anayetafuna. Baba ameshikilia mkate hewani. Tunasikia viatu vya Shami kwenye mchanga, kuku, na nyuma yake kitu kinachovuma — Régis anasema upepo. Si upepo. Nyogokuru anatuashiria tunyamaze. Viatu vimesimama. Na Shami, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kabisa, anapiga hodi.