Kadi Niliyonunulia Uzi

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumatano asubuhi, mwezi wa tatu.

Mpendwa mwanangu, kitindamimba wangu,

Kabla ya yote, hujambo? Unakula? Usiniambie ndiyo harakaharaka kama unavyofanya kwenye simu. Nauliza chakula cha kukaa ukala, si cha kusimama mlangoni na koti mwilini. Na kile kifua, kimepona? Sisi huku tuko salama. Goti langu la kushoto hunisumbua mvua ikinyesha, jua likitoka na mimi nasahau. Macho ndiyo kidogo, siku hizi tundu la sindano linanikimbia.

Utashangaa kupata barua. Kwenye simu nikisikia tu "haloo mama", yote niliyopanga kusema yananitoka, nabaki kukuuliza kama kuna baridi. Basi nimeona niandike. Mwandiko utauvumilia, unajua shule na mimi hatukukaa pamoja sana.

Jambo lenyewe ni ile kadi ya mkopo uliyoniachia, yenye jina langu lakini inakula kwenye akaunti yako. Ulisema ni ya dharura, nikiugua au paa likivuja. Paa halijavuja, namshukuru Mungu. Lakini benki wameleta barua. Kaka yako alinisomea, akarudia, maana nilidhani ananitania. Kuanzia mwaka huu kila kadi ina ada ya mwaka, uitumie usiitumie, na ada ya hii yangu utakatwa wewe. Kaka yako akasema, "Mama, rudisha hiyo kitu. Mdogo wangu anafua mashuka ya wagonjwa kutwa, halafu alipie kadi ya kukaa kwenye kopo la vifungo?"

Nikamwambia nitafikiri. Kumbe sikuwa na la kufikiri, nilikuwa na hofu tu.

Nikueleze hofu yenyewe. Unakumbuka ulipokuwa mgeni huko, siku niliyoishiwa uzi mweusi na sina hela mkononi, nikatoa kadi? Sijafika hata nyumbani simu ikalia. "Mama, umenunua nini? Nimeona meseji ya benki." Nikasema uzi. Ukacheka mpaka ukakohoa, tukaongea mpaka sufuria ikaungua jikoni. Tangu siku hiyo nikaiona ile kadi kama kengele ya mlangoni kwako. Nikaacha kununua uzi kwa dazeni. Nanunua mmoja, Jumamosi, siku yako ya kupumzika. Na kweli, jioni simu inalia. Yule mwenye duka la vifaa vya ushonaji, tunayemwita Chenji Hamna, amenitania mpaka amechoka. "Leo tena mmoja? Mama, unawashonea sisimizi?" Mimi nachukua uzi wangu naenda zangu.

Kwa hiyo mtu akiniambia nirudishe kadi, mimi nasikia nirudishe sauti yako.

Juzi nikavaa gauni langu la harusi za watu, nikaenda benki. Viti vya pale wamevifunga pamoja kwa chuma, sijui wanaogopa tutaondoka navyo. Binti wa dirishani ana adabu, aliniamkia vizuri. Nikamuuliza kama wana kadi isiyo na ada ila ipeleke meseji. Akauliza, "Meseji ya kwenda wapi, mama?" Nikamwambia kwa mwanangu, nikinunua kitu ajue nipo. Akaniangalia kidogo, akaniambia nimtajie namba yako. Nikaitaja, ninayo kichwani kama jina lako. Akatikisa kichwa. Iliyoko kwao siyo hiyo, inaishia na saba. Mwanangu, ni namba ya ile simu yako iliyozama kwenye mashine ya kufulia kazini kwenu, mwaka juzi. Tangu hapo meseji za uzi wangu zote zimekuwa zikienda kwenye simu iliyokufa.

Wa nyuma yangu kwenye foleni akakohoa nisogee. Nikawa nazikumbuka zile Jumamosi. Ulivyonipigia sauti imekwaruza kwa kifua. Ulivyopiga umechoka ukasinzia katikati ya maneno, nikabaki nakusikiliza unavyopumua. Hukuwa umeona meseji yoyote. Na mimi nilikuwa nadhani umechoka tu kuuliza habari za uzi.

Basi nikampa kadi. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema kata, binti yangu. Akaikata kwa mkasi, nikaweka sahihi aliponionyesha kwa kidole. Ada ya hiyo hutakatwa. Ile uliyo nayo wewe, zungumza nao kwa upole, pengine watakusamehe. Na namba yako kule benki uibadilishe, isije ikawa kuna mtu asiyekujua anasoma unachonunua.

Sasa nina droo nzima ya nyuzi, rangi zote isipokuwa ninayoihitaji. Nimeanza kukushonea blanketi la vipande. Ni la kutosha watu wawili, sikuulizi kitu. Wala silitumi kwa posta, litakungoja kitandani kwako. Kitanda chako bado kiko palepale chini ya dirisha. Katikati ya wiki naweka juu yake vitambaa vya wateja, ila Jumamosi naviondoa, sijui kwa nini.

Jumamosi siendi tena kwa Chenji Hamna. Nitakaa na simu mapajani. Ukiwa umechoka, lala mwanangu, sitanuna. Ila ukipiga, usiniulize nimenunua nini. Niambie unakuja lini.

Kaka yako anakusalimu, na wifi yako pia, anasema umemsahau. Shangazi yako anataka picha ambayo uso unaonekana, si ile ya kofia. Chenji Hamna naye anakusalimu, hajui bado kwamba kapoteza mteja.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akuweke karibu na watu watakaokuuliza kama umekula.

Ni mimi nikupendaye, meseji iende isiende,
Mama yako.