Shauri la Bu Ngatinah na Ukingo wa Uvimbe Wake: Kikao cha Kamati ya Saratani ya Utumbo Mpana

Tarehe: Jumanne, 14 Mei 2024
Mahali: Chumba cha maabara, Yogyakarta
Waliohudhuria: Dkt. Hartoyo Widagdo, Mwenyekiti (dawa za saratani), Dkt. Pramudya Saksono (upasuaji), Dkt. Retno Wulansih (maabara). Muuguzi Endah Kusumastuti, Katibu
Hakuhudhuria: Dkt. Lintang Prasojo (mionzi), bila taarifa, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/5/2024: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana, baada ya kumngoja Dkt. Pramudya amalize kula tempe yake ya soya.

KUMB. NA. 2/5/2024: HALI YA MGONJWA
Mwenyekiti alieleza kwamba Bu (yaani Mama) Ngatinah, mchora batiki wa Imogiri, alitolewa uvimbe mwezi uliopita na tezi zote za limfu za jirani zikakutwa safi. Hata hivyo, kipimo cha maabara kilionyesha seli za kinga chache ndani ya uvimbe, dalili kwamba saratani huenda ikarudi. Ilipendekezwa atundikiwe dripu ya dawa kali. Dawa hiyo hutia ganzi vidoleni, na kwa wengine ganzi haiondoki. Bu Ngatinah hushika kalamu ya nta tangu utotoni na hana kazi nyingine.

KUMB. NA. 3/5/2024: KUHESABU UPYA
Dkt. Retno alieleza kwamba kipimo kilikuwa na kasoro. Maabara imezoea kukata kipande cha katikati, kwa kuwa ukingo una mafuta na husumbua kisu. Kipande chenyewe kilikuwa nyama iliyokwisha kufa. Alikata upya, ukingoni na ndani palipo hai, akakuta seli za kinga zimejaa kote, zimebanana na za saratani. Wengi wenye hali hiyo saratani haiwarudii.

Dkt. Pramudya aliuliza, "Yaani mlikuwa mnahesabu askari makaburini, Bu Retno, leo ndiyo mnakumbuka mpakani?"

Dkt. Retno alijibu, "Kosa letu, Pak, nimeshasema. Ila tusimlipishe mama wa watu."

Dkt. Pramudya alisema wengi si wote, na kwamba amewahi kumzika mgonjwa aliyepewa matumaini ya aina hii. Alitaka pingamizi lake liandikwe. Limeandikwa. Katibu alimwonea huruma.

KUMB. NA. 4/5/2024: KAULI YA MGONJWA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba mwenye utumbo yuko nje kwenye benchi. Aliitwa, akaelezwa yote, kosa likiwemo, kisha akatazama kwenye darubini nukta za kahawia, ndizo seli za kinga.

"Zote hizi zangu?"

"Zako, Bu," alijibu Dkt. Retno.

"Kumbe zinapigana huku mimi nachora tu! Na mkikosea tena?"

Dkt. Pramudya ndiye aliyejibu: "Itarudi, Bu, na itabidi nikupasue tena. Mimi ningekubali dawa."

Bu Ngatinah aliitazama mikono ya daktari. "Na vidole hivyo vya kupasulia, Pak Dokter? Ungevitoa kweli?"

Dkt. Pramudya naye akaitazama. "Hapana, Bu," alisema.

Aliomba pingamizi lake liondolewe. Iliamuliwa dawa isitolewe, na mgonjwa apimwe kila miezi mitatu.

Kikao kilifungwa saa tisa na nusu alasiri.

Dkt. Hartoyo Widagdo, Mwenyekiti (sahihi)
Endah Kusumastuti, Katibu (sahihi)