Dagaa wa Kiunga na Dagaa wa Vanga

Mombasa, 3 Oktoba 1974

Mpendwa Baba,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima, ila pua imezoea samaki hata sijui tena kama ninanuka. Nyinyi hamjambo? Mgongo wa Mama umepoa? Na cherehani yako bado inalia?

Baba, niko na habari. Unajua kazi yangu hapa kwenye kituo cha utafiti wa samaki ni kupima dagaa wa baharini, wadogo kama kidole. Sasa sikiza: wale wa Kiunga, kule kaskazini kabisa, ni wafupi kuliko wa Vanga, kule kusini. Samaki wa aina moja, bahari moja! Nimepima mia nne. Mkubwa wangu, Bwana Mbuvi, alifurahi mpaka akaninunulia soda. Ripoti yangu ikikubaliwa, Desemba ninaandikwa kazi ya kudumu. Ikikataliwa, ninafunga sanduku.

Najua umeniwekea nafasi ya ualimu huko Kutus. Tafadhali usinikasirikie bado.

Binti yako,
Wachuka

Othaya, 12 Oktoba 1974

Kwako Mama,

Ndiyo, nitakuita Mama hata ukizeeka. Ulipewa jina la mama yangu, kwa hivyo mimi kwako ni mtoto. Sisi tuko, ni baridi tu. Mgongo wa mama yako Gathoni umepoa, na anauliza kama wanakulazimisha kula hao dagaa, nyoka wadogo anavyowaita.

Mwalimu mkuu wa Kutus, Bwana Theuri, amesema atakungojea hadi tarehe kumi Desemba. Nimeshakukatia suti ya kufundishia, ya kijivu.

Mimi sijui samaki, lakini nimepima watu miaka ishirini na mbili. Unakumbuka ule mwaka nilishonea kwaya ya kanisa sketi thelathini bila kuloweka kitambaa kwanza? Walipozifua zikapanda juu ya magoti, na mhubiri akanitazama vibaya Jumapili tatu. Basi nakuuliza: hao dagaa wa Kiunga wanafika hapo vipi? Na wa Vanga je? Umewapima wote wakiwa wabichi, ama wengine walikuwa wameshalowekwa?

Mtoto wako na baba yako,
Ngatia

Othaya, 20 Novemba 1974

Mama,

Uko salama kweli? Wiki ya sita hii inaingia bila barua. Kila siku ya soko ninaenda posta, na karani anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Wacha nikwambie ukweli. Lile swali langu halikuwa safi. Nilitaka nikukamate umekosea, ndiyo urudi nyumbani. Nafasi ya Kutus bado iko, lakini sitaki uichukue kwa sababu ya mdomo wangu. Kama nimekuharibia kazi, nisamehe. Andika hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Ni mimi mtoto wako,
Ngatia

Mombasa, 30 Novemba 1974

Baba yangu mpendwa,

Nisamehe wewe kwanza, kwa kunyamaza. Mimi ni mzima. Nilikuwa na hasira, halafu aibu, halafu kazi.

Swali lako nililisoma nimesimama, nikakaa. Dagaa wa Kiunga hukaa wiki mbili njiani ndani ya chupa za dawa, wasioze. Wa Vanga huja kwenye barafu, ninawapima siku hiyo hiyo. Nikachukua ishirini wa Vanga, nikawapima, nikawatia dawani wiki mbili, nikawapima tena. Baba, walikuwa wamesinyaa! Wafupi kama wa Kiunga kabisa. Nililia chooni, kisha nikanawa uso nikaenda kumwambia Bwana Mbuvi kabla ripoti haijaondoka. Aliipasua mbele yangu, akasema nina wiki tatu za kuandika nyingine. Hiyo siku hakukuwa na soda.

Ndipo nikakumbuka sketi za kwaya. Zilipanda, lakini vifungo havikupungua, sivyo? Nikaacha rula nikaanza kuhesabu. Nilichemsha dagaa mmoja mmoja, nikatoa nyama, nikahesabu pingili za uti wa mgongo kwa kioo cha kukuzia. Dawa haiwezi kuondoa mfupa. Na wa Vanga, karibu wote, wana pingili arobaini na nne. Wa Kiunga, wengi wana arobaini na sita! Tofauti ilikuwepo kweli, ila mimi niliitafuta mahali pasipo pake. Bwana Mbuvi alihesabu hamsini yeye mwenyewe, macho mekundu, akafika pale pale. Anafikiri ni kwa sababu bahari ya kule kaskazini ni baridi zaidi samaki wakiwa bado kwenye mayai. Bado hatuna hakika, na hiyo ndiyo kazi yangu ya mwaka ujao.

Maana kazi nimepata, Baba. Kwenye ukurasa wa shukrani wa ripoti mpya nimeandika: Ngatia, fundi cherehani, Othaya.

Sijali swali lilitoka wapi. Lakini Kutus siendi. Niambie kama umekasirika.

Binti yako,
Wachuka

Othaya, 8 Desemba 1974

Mama,

Barua yako nimewasomea watu watatu hapa dukani, na mmoja wao alikuwa amekuja kuwekewa zipu tu. Gathoni amepiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani amezaa.

Nimefika Kutus mimi mwenyewe kumwambia Bwana Theuri asikungojee. Nafasi amempa Benter, binti wa yule polisi wetu wa hapa Othaya, na suti ya kijivu nimempa yeye. Imemkaa, ila mabega. Sijakasirika. Nimeumia kidogo, siwezi kukudanganya, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea wazo la kukuona kila Jumamosi. Lakini ati jina la fundi ndani ya kitabu cha samaki! Niandikie ule ukurasa kwa mkono wako, niubandike ukutani.

Nimekushonea koti jeupe la kazi. Kitambaa nimekiloweka mara mbili. Mfuko wa kushoto ni wa rula, usiitupe, siku moja utaihitaji. Vipimo nilivyotumia ni vya mwaka jana, sina vingine. Krismasi uje nikupime upya, maana wanasema anayekaa bahari nyingine hubadilika.

Mtoto wako,
Baba