Kereng'ende wa Boneti

Dada Mwikali,

Hamjambo na watoto? Mimi nimeudhika. Leo hata kanisa nimekosa. Asubuhi yote nimekaa kwenye mto mkavu hapa Mutomo, kando ya kishimo cha maji kilichozungushiwa miiba, nikingoja kumpiga picha kereng'ende, yule mwekundu kama pilipili. Wakaja mbuzi tu! Kurudi kwa Mjomba, nampata kereng'ende huyo anachovya mkia kwenye boneti ya gari lake. Mjomba hulipiga polishi kila Jumapili mpaka linang'aa, basi mdudu akadhani ni maji, akawa anataga mayai. Kabla sijatoa kamera, Mjomba akavua koti lake la kanisani, akaifunika boneti iliyokuwa moto kwa jua, akasema:

"Huyu mama atakaanga watoto wake!"

Picha sina. Nawapenda. Ombeni mvua, huyu mama apate pa kutagia.

Ndugu yako,
Mutua