Nguzo ya Kona

Mwenzangu, naandika haraka haraka, nivumilie nikikosea.

Mama nisiyemjua kaingia ofisini na buti za matope, kauweka mezani mchoro wangu wa jengo. Kumbe ni msimamizi mpya wa ujenzi. "Mwanangu, nguzo ya kona naiona chini tu. Huku juu imekwenda wapi?"

Nikaufungua mchoro kwenye kompyuta, nikaliona kosa.

Ile njia ya mkato niliyokuringishia: unazungushia boksi ghorofa moja, unainakili juu mara nne, umemaliza. Boksi liliigusa nguzo bila kuizunguka yote, kompyuta ikaiacha. Ghorofa zote nne, mwenzangu. Watu watalala humo.

"Zege linamwagwa leo," akasema. "Mafundi wanataka mchoro, maneno yangu hawayasikii. Utaniletea?"

Nikasema nitaleta.

Bosi akanivuta pembeni. "Mwenye jengo yuko huko huko kwenye ujenzi. Ukinipelekea aibu hiyo, usirudi hapa." Usirudi. Kasema taratibu, kama ananipa pole.

Nimerekebisha, nimechapisha, nimekuja huku kwenye ujenzi. Mwenye jengo kaniuliza nimeleta nini. Nikamwambia nitaeleza yote, ila kwanza wazime mashine ya zege.

Wameizima. Sasa ananisubiri nieleze.